MTIHANI WA MKANDA NA MOYO ULIOTULIA



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume Wake (S.A.W.), napenda leo tuzungumze jambo ambalo pengine hukutazamia kulipata kwa mzee wa chuo kama mimi, nalo ni mtihani wa mkanda wa karate. Usicheke, tafadhali. Jambo hili lina historia ndefu kuliko wadhanivyo wengi, na fungu moja la historia hiyo limo katika vitabu vyetu wenyewe, ila tumelisahau.

Kilichonitia katika habari hii ni kijana mmoja wa hapa kwetu Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, kando ya barabara kuu yapitapo malori yaendayo Rusumo. Kijana huyu alisoma chuoni kwangu tangu alifu na bee mpaka akahitimu. Alipokwenda Mwanza kutafuta riziki akaingia katika dojo, yaani mahali pafundishwapo karate, akapanda kidogo kidogo kutoka mkanda mweupe hata akafikia kutahiniwa mkanda wa kahawia, ambao ndio mlango wa mkanda mweusi. Siku ya mtihani akasimama mbele ya watahini watatu waliokaa mezani na karatasi zao. Akaambiwa afanye kata. Kata, kwa asiyejua, ni mfululizo wa hatua na mapigo uliopangwa tangu zamani, ambao mtu huufanya peke yake kama anayepambana na maadui wasioonekana. Kata ile, kwa maneno yake mwenyewe, alikwisha kuifanya zaidi ya mara elfu. Alipofika katikati, akasahau. Watahini wakamruhusu aanze tena. Akaanza tena, akafika pale pale, akakwama pale pale.

Lililofuata likawa baya zaidi. Katika sehemu ya kupambana wawili wawili, ambapo pigo hutakiwa lizuiwe kabla halijamfika mwenzako, kijana wetu kwa ile aibu iliyokuwa ikimchoma akapiga kwa ghadhabu, akamtoa mwenzake damu puani. Mtihani wake ukasimamishwa hapo. Akavuka Busisi kurudi nyumbani na mkoba wake, akautupa mkanda wake juu ya dari, na siku kumi nzima hakuonekana msikitini.

Mama yake akaja kwangu. Karate yenyewe hakuipenda tangu mwanzo, na angalifurahi iachwe. Alilokuja nalo lilikuwa jingine. Akaniambia, "Shehe, mwanao anasema yeye ni mwoga. Neno hilo hajaliacha tangu arudi. Hali chakula akashiba, wala halali."

Basi nikamwita. Na kabla sijamwambia neno nikajikumbuka mwenyewe.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, nilitakiwa nisome Suratur-Rahman mbele ya wazee siku ya maulidi. Wewe msomaji unaijua sura hiyo. Mna aya moja inayorejea mara 31, na ndiyo mtego wa msomaji asiyetulia, kwani kila ifikapo aya ile njia zafunguka nyingi mbele yako, na ulimi ukiteleza waweza kurukia mbele au kurudi nyuma bila ya kujijua. Mimi nilirudi nyuma mara mbili. Mara ya tatu nikanyamaza kabisa, na jasho likanitiririka mpaka kwenye msahafu. Sura ile nilikuwa nikiisoma usingizini. Mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakunikemea wala hakunisomea mbele. Alisema kwa sauti ya chini tu, "Toa pumzi, kisha urudi aya mbili." Nikatoa pumzi, nikarudi aya mbili, nikamaliza. Kwa miaka mingi nilidhani alinihurumia tu. Nilipokuja kusoma habari za hawa wazee wa Okinawa ndipo nilipofahamu kuwa alinipa elimu.

Tuanze na mkanda wenyewe. Wako wasimuliao kwamba hapo kale mwanafunzi alipewa mkanda mweupe asiufue kamwe, ukachafuka kwa jasho na vumbi la miaka hata ukawa mweusi, na hiyo ndiyo asili ya mkanda mweusi. Hadithi tamu, walakini haina mashiko. Mkanda mweusi una mwenyewe na una tarehe yake. Aliyeuanzisha ni Jigoro Kano wa Japani (1860–1938), mwasisi wa mchezo wa judo, aliyefungua chuo chake cha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882. Mwaka wa pili yake, 1883, aliwapa wanafunzi wake wawili daraja ya kwanza, iitwayo dan, na mwaka 1886 akawaamuru wenye madaraja hayo wavae mkanda mweusi ili watambulikane. Na Kano huyu alikuwa nani? Alikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa chuo cha kufundishia walimu. Kwa hiyo mkanda haukutoka vitani. Umetoka darasani, umebuniwa na mtu wa ubao na chaki aliyetaka wanafunzi wake wajue wametoka wapi na wamefika wapi.

Karate yenyewe si ya Tokyo. Ni ya kisiwa cha Okinawa, kusini ya Japani, na walioicheza huko zamani hawakuwa na mikanda ya rangi wala mitihani ya kupanda ngazi. Mtu alikwenda kwa mzee nyumbani kwake, akafagia ua, akachota maji, akafundishwa kidogo kidogo miaka na miaka. Alipotoka Okinawa mwalimu mwingine wa shule, Gichin Funakoshi, akaenda Tokyo mwaka 1922 kuionyesha karate, Kano ndiye aliyemkaribisha Kodokan. Funakoshi akaupenda utaratibu ule, na mwaka 1924 akatoa dan za kwanza za karate. Na zile rangi nyingine, manjano na kijani na buluu na kadhalika, hizo zilienezwa Ulaya na mwalimu mwingine wa judo, Mikinosuke Kawaishi, aliyefika Paris mwaka 1935, akaona kuwa wanafunzi wa huko hawana subira ya kukaa na mkanda mmoja miaka mingi bila ya kuonyeshwa kuwa wamesogea.

Nimeyaeleza haya kwa makusudi. Kijana wetu aliutupa mkanda kama kwamba umeteremka kutoka mbinguni ukamhukumu. Kumbe ni kipande cha kitambaa kilichowekwa na walimu kwa ajili ya kumtia mwanafunzi moyo. Ukikifanya ndicho unachokitafuta, siku ya kutahiniwa utatetemeka, kwani utakuwa umesimama mbele ya kitu uwezacho kukikosa. Nao mtetemeko huo siku hizi unazidishwa na baadhi ya walimu wanaogeuza mitihani kuwa biashara, kila miezi mitatu rangi mpya na ada mpya. Hilo nalisema kwa kupita.

Sasa njoo nikupeleke kwa Chojun Miyagi (1888–1953), kwani yeye ndiye anayetuhusu zaidi. Alizaliwa Naha, Okinawa, akasoma kwa mzee aitwaye Kanryo Higaonna, na akaiita njia yake Goju-ryu, maana yake njia ya ugumu na ulaini. Miyagi hakuwa mgawaji wa madaraja. Wanafunzi wake wa Okinawa walianza kuzipata dan baada ya yeye kufariki. Lakini usidhani kwamba hakuwatahini. Aliwatahini kila siku, kwa kata moja iitwayo Sanchin, yaani vita vitatu.

Sanchin ukiitazama utasema haina kitu. Hamna kuruka wala kupiga teke la juu. Mtu anasimama miguu imekazwa ardhini, anakwenda hatua chache mbele polepole, anageuka, anarudi, anatoa ngumi taratibu, na wakati wote huo anavuta pumzi mpaka chini ya kitovu na kuitoa kwa sauti ya kusikika. Yasimuliwa kuwa wanafunzi wa zamani walikaa miaka mitatu wakifundishwa hiyo tu. Kisha huja mwalimu. Anamzunguka mwanafunzi aliye kifua wazi, anambonyeza mapaja, anamsukuma nyuma kuona kama atayumba, anampiga makofi mabegani, makofi ya kweli yanayoacha alama, naye mwanafunzi atakiwa asikatize pumzi wala asibadili uso, aendelee na hatua yake kana kwamba ni mvua iliyomnyeshea. Kubanwa huku wanakuita shime.

Fikiri, msomaji. Mzee huyu hakumwambia mwanafunzi, "Usiogope." Neno hilo, nami nimewaambia watoto wangu mara nyingi, halijapata kumtuliza mtu. Yeye aliileta dhiki mwenyewe, kwa kipimo, leo kofi jepesi na mwezi ujao zito, mpaka mwili ukajifunza kwamba dhiki ikija, pumzi haibadiliki.

Na kwa nini pumzi? Waganga wa leo wanatueleza kuwa mtu akishikwa na hofu moyo hudunda mbio, pumzi zikapanda kifuani zikawa fupi fupi, mikono ikatetemeka na kinywa kikakauka. Moyo huwezi kuuamuru upunguze mwendo. Walakini pumzi waweza kuiamuru, na ukiitoa polepole, kwa urefu kuliko ulivyoivuta, moyo nao hufuata. Katika mambo yote yale yanayokutoka mkononi wakati wa hofu, pumzi ndiyo kamba iliyobaki karibu. Wazee wa Okinawa waliijua bila ya vipimo. Na mwalimu wangu, ambaye sidhani kama alipata kulisikia jina la Okinawa, alianza na hiyo hiyo kabla ya kunirudisha aya mbili.

Pana jambo la pili. Mtu aliyezoea kitu mpaka kimeingia mwilini, akianza kukichunguza mbele ya watu, hukivuruga. Ni kama mtu ashukaye ngazi za nyumbani kwake kila siku gizani bila ya kujikwaa. Mwambie ahesabu miguu yake, ataanguka. Kijana wetu kata aliijua. Lililomwangusha ni kwamba aliwatazama wale wazee watatu, akajiuliza wanaandika nini, akaanza kujitazama yeye kwa macho yao. Mtu hawezi kuwa mchezaji na mtahini kwa wakati mmoja.

Labda utauliza, njia hii ya Goju ilifikaje kwetu? Katika miaka ya 1970, Mmarekani mweusi aitwaye Nantambu Camara Bomani alikuja Dar es Salaam akafundisha Goju-ryu katika shule ya Zanaki, na kutokana na dojo lile wakatoka walimu walioieneza karate mikoani. Zilikuwa siku za sinema za Bruce Lee. Yeye alifariki Hong Kong mwezi wa Julai 1973, ile sinema yake mashuhuri haijaonyeshwa bado, na baada ya hapo hapakuwa na mtaa wa mjini usiokuwa na watoto warukao kwa mateke. Wengi walikwenda kutafuta karate wakitaka kuruka. Na yule aliyeingia kwa mwalimu wa Goju alikuta akiambiwa asimame mahali pamoja avute pumzi. Nadhani wengi waliondoka siku ile ile. Waliobaki ndio waliopata kitu. Vile vile Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia huko mwishoni mwa miaka ya 1980, aliwafundisha vijana judo, na wengi wa vijana hao ni watoto wa vyuoni kama huyu wangu.

Hapa baadhi ya wasomaji watakuwa wameanza kukunja uso, wakisema, hii ni ada ya kigeni, nasi yatuhusu nini? Haya, na tufungue vitabu vyetu.

Khalifa wa Baghdad, An-Nasir li-Dinillah, aliyetawala kuanzia mwaka 575 hadi 622 Hijria (1180–1225), aliziunganisha jumuiya za vijana zilizoitwa Futuwwa, yaani ujana wenye muruwa, na yeye mwenyewe akaingia humo. Mtu alipoingizwa alinyweshwa maji ya chumvi, akavikwa suruali ya jumuiya, na akafungwa mkanda kiunoni, nao waliuita shadd. Baadaye mafundi wa miji ya Kiislamu, wafumaji na wahunzi na watengeneza ngozi, waliichukua desturi hiyo, ikawa mwanafunzi wa kazi hafungwi mkanda mpaka mwalimu wake amkubali mbele ya wazee wa kazi. Ibn Battuta, yule aliyetutembelea Mombasa na Kilwa mwaka 1331, haukupita muda mrefu akafika nchi ya Anatolia, ambayo leo ni Uturuki, akakaribishwa na vijana wa jumuiya za namna hiyo mji baada ya mji, akawasifu sana kwa ukarimu. Basi mkanda wa kumtambulisha aliyetahiniwa akafaulu ulifungwa viunoni mwa Waislamu miaka mia saba kabla ya Kano kuzaliwa, au karibu ya hapo. Sisemi kwamba Kano aliuchukua kwetu. Sina dalili ya hilo, na si vyema kudai visivyo vyetu. Nasema tu kwamba usiuone mgeni.

Na ukitaka mtihani, watazame wapiga mishale wa dola ya Kiothmani. Baada ya kutekwa Istanbul mwaka 1453, Sultan Muhammad Al-Fatih aliwatengea uwanja uitwao Okmeydani, yaani uwanja wa mishale. Mwanafunzi alianza na upinde laini, auvute na kuurudisha bila ya mshale, mara nyingi zisizo na hesabu, kabla ya kuruhusiwa kupiga. Na siku ya kuomba ijaza, yaani idhini, ilimpasa arushe mshale ufike gezi 900, nazo ni karibu mita 600, mbele ya mashahidi waliosimama huku anakopigia na mashahidi waliosimama kule unakoangukia. Akifaulu, jina lake liliandikwa daftarini, na mwalimu wake akamkabidhi mshiko wa upinde na kumnong'oneza neno sikioni.

Hebu jitie mahali pake. Pepo zinavuma kutoka baharini, macho yote yako juu yako, na mshale hauwezi kuudanganya. Mkono ukitetemeka unywele mmoja hapa, kule mwisho wa mita 600 ni hatua nyingi. Asiyetulia hakupata ijaza, hata awe na nguvu za fahali.

Wala hatuna haja ya kwenda Istanbul. Lamu wana kirumbizi, mchezo wa fimbo wachezwao wawili wawili kati ya duara la watu na ngoma, na Makunduchi wana Mwaka Kogwa, ambapo wanaume hutandikana kwa magogo ya migomba, kisha yakaisha yakawa yamekwisha. Nimewahi kuambiwa na mtu wa Makunduchi kwamba mshindi wa kweli siku ile ni yule anayeondoka hana kisasi.

Neno hilo likanirudisha kwenye pigo lile la puani. Nilimwambia kijana kwamba kusahau kata ni ajali, na ajali haina lawama; lakini damu ya mwenzake ni jambo jingine. Sahih Muslim inatupa habari kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) aliwauliza Masahaba ni nani wanayemhesabu kuwa bingwa wa mieleka. Wakamjibu kuwa ni yule asiyeweza kuangushwa na watu. Naye akawafahamisha kwamba bingwa ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Huyu hakuwa mtu asiyejua michezo ya nguvu. Aliwaachia Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini Madina siku ya Idi, na Bibi Aisha (R.A.) akitazama; na iko riwaya kwamba alishindana mieleka na Rukana, mtu wa nguvu wa Makureshi, akamwangusha, ingawa wataalamu wa Hadithi wameisema isnadi yake. Aliposema maneno yale alikuwa akiwaambia watu waliojua mieleka ni nini.

Kijana akanyamaza sana. Kisha akasema, "Shehe, nilimpiga kwa sababu niliona wote wananicheka." Nikamuuliza, "Walicheka?" Akafikiri. Akasema, "Hapana. Hakuna aliyecheka."

Nikamuuliza pia kuhusu kuinama, kwani najua karate huanza na kwisha kwa kuinamiana, na wanavyuoni wamelizungumza sana jambo la kumwinamia mtu kwa maamkizi. Kumbe nalo lilikuwa likimsumbua kimoyomoyo miaka yote, na kila mtihani aliuanza akiwa na dukuduku hilo. Nikamshauri azungumze na mwalimu wake mapema, faragha, kwa heshima, kwamba atatoa heshima kwa kichwa na kwa mkono kifuani. Siku ya mtihani si siku ya kuingia na mizigo iwezayo kutuliwa jana yake. Alimpigia simu, na mwalimu akamjibu kwamba angalisema tangu mwaka wa kwanza.

Basi tulifanyaje? Nilimtaka aushushe mkanda darini. Akaushusha, una masizi. Nikamwambia asiufunge bado. Kila siku baada ya Alasiri, watoto wa chuo wakiwa wametoka, na ni watoto zaidi ya arubaini wasiojua kunyamaza, alisimama katikati ya ua akafanya kata yake nao wakipiga kelele. Siku za kwanza alikwama mahali pale pale. Nikamkumbusha, toa pumzi, urudi hatua mbili. Hakuanza tena mwanzo hata mara moja, kwani hilo nililikataza. Anayeanza mwanzo kila akosapo hujifunza mwanzo tu, na ile sehemu anayoiogopa inazidi kuwa kubwa. Hili nimeliona kwa wahifadhi wa Qur'ani miaka arubaini.

Wiki ya pili tukamhamishia kando ya barabara, malori yakipita na honi zao na utingo wakimpigia miluzi. Wiki ya tatu nilimwomba mzee mmoja mstaafu, mtu wa uso mkavu aliyekuwa karani zamani, aje akae kwenye kiti na daftari, aandike chochote, hata orodha ya madeni yake, mradi aandike. Mzee huyu alipokuja, kijana akatetemeka kuliko alivyotetemeka kwa malori. Nikafurahi, maana tulikuwa tumeupata ugonjwa wenyewe. Akatoa pumzi, akaenda, akayumba kidogo pale mahali pake, akapita.

Mimi pia nilijaribu kumpiga makofi ya mabega kama alivyofanya Miyagi, ila mkono wangu siku hizi una baridi yabisi, na nadhani niliumia mimi zaidi kuliko yeye.

Mama yake bado haipendi karate. Lakini juzi aliniletea ndizi, akasema mwanawe sasa anakula, na ameanza kumuuliza nauli ya Mwanza ni kiasi gani. Kabla ya kwenda kutahiniwa, kijana amesema, atamtafuta kwanza yule mwenzake aliyemtoa damu. Nilimuuliza atamwambia nini. Akasema hajui bado, ila hatatuma ujumbe wa simu, atakwenda kwa miguu yake.

Mtihani umepangwa baada ya mwezi wa Ramadhani, Mwenyezi Mungu akitufikisha. Hivi sasa lililonishinda ni wale watoto wa chuo. Wameishika Sanchin yote, na kila ninapompa mmoja zamu ya kusoma sura yake, kwanza anakaza miguu, anaweka ngumi kiunoni, anatoa pumzi ndefu kama mvuke wa birika, na wenzake wote wanaangua kicheko. Huyo wa jana alikuwa kifungua mimba wa muadhini. Alisoma Suratul-Mulk yote, hakukosa hata herufi moja.